Waya wa Laki Sita na Nusu: Staa Anauza Shaba au Anapiga Kamba?

Stori iliyotawala wiki hii kwa wapenda muziki mnene mjini ni ya waya. Staa mmoja wa mitandaoni, yule ambaye watu wanaijua sebule yake kuliko wanavyoijua ya shangazi zao, katupia video akiwa kwenye sofa jeupe. Mkononi kashika waya wa umeme mnene kama mpini wa jembe, umevishwa kitambaa cha kusukwa, plagi inang'aa kama bangili ya bibi harusi. Ieleweke vizuri: si waya wa spika, wala si ule wa kuunganisha simu na redio. Ni waya unaotoka kwenye soketi ya ukutani kwenda nyuma ya amplifaya, basi.

Akauchomeka, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa hisia. Kisha akatoa hukumu: besi imeshuka chini, mwimbaji kasogea mbele, uchafu wa umeme wote umeisha. Bei? Laki sita na nusu. "Wahi yako, zimebaki chache."

Katikati ya shangwe za komenti akajitokeza fundi mmoja wa Kariakoo, mtu mzima ambaye amekuwa akifungua redio za watu tangu enzi za kaseti. Akaandika kwa upole: "Mdogo wangu, sauti haitoki kwenye huo waya. Waambie vijana ukweli." Jibu la staa likawa fupi: "Shikamoo mzee wangu, ila masikio hayalingani." Watu wakacheka, emoji zikamwagika, fundi akaitwa mshamba, mwenye wivu, mtu wa redio za mbao. Ikaisha hivyo.

Haikupaswa kuisha hivyo. Kwenye ugomvi huu mzee yuko sahihi, na staa anapiga kamba. Na kamba hii ina watu inaowanyonga, kama itakavyoonekana huko chini.

UMEME UMEPITA WAPI KABLA YA KUFIKA HAPO?

Umeme hauzaliwi kwenye soketi. Sehemu ya umeme unaowasha taa za Dar unatoka Rufiji, kwenye Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Ukitoka hapo unasafiri kama kilomita 160 kwa msongo wa kilovolti 400 mpaka Chalinze, unapita vituo vya kupoza umeme, unashuka kwenye transfoma ya mtaa, unapanda nguzo, unaingia kwenye Luku, unapenya ndani ya ukuta, ndipo unatokea kwenye soketi ya sebuleni. Nyaya nyingi za huko juu kwenye nguzo hata si shaba, ni alumini, na kunguru wa Dar wanakaa juu yake mchana kutwa.

Sasa anatokea mtu anasema safari yote hiyo haina neno, ila mita mbili za mwisho ndizo zenye uchawi. Ni sawa na mtu aliyepanda daladala bovu kutoka Mbagala hadi Mwenge, akashuka, halafu akasema safari yake ilikuwa laini kwa sababu alitembea hatua kumi za mwisho kwenye zulia.

Wauzaji wana jibu lao. Wanasema hizo mita mbili si za mwisho, ni za kwanza ukihesabu kutoka kwenye amplifaya. Maneno matamu, lakini hayabadilishi kitu. Nyaya zote hizo zimeungana kama mnyororo, na umeme ule ule ndio unaopita kwenye kila pete. Pete moja ya dhahabu haigeuzi mnyororo wa chuma.

Tena kuna jambo ambalo video haikulionyesha. Ndani ya plagi za pini tatu za mraba zinazotumika Tanzania na Kenya kuna fyuzi, kwa kawaida ya ampia 13 au chini ya hapo. Fungua fyuzi uone: ndani yake kuna kijiwaya chembamba sana. Umeme wote unaoingia kwenye ule waya mnene kama mpini wa jembe unapita kwanza hapo. Ukishaingia nyuma ya amplifaya unakutana na fyuzi nyingine. Yaani barabara ya njia nane, mlango wa kuingilia ni tundu la sindano na wa kutokea ni tundu la sindano.

MAHESABU MADOGO YA MTAANI

Watu wakisikia hesabu wanakimbia, lakini hii ni ya darasa la kawaida. Waya wa bei rahisi wenye unene wa milimita za mraba 0.75 na urefu wa mita mbili una ukinzani wa kama omu 0.1, ukihesabu kwenda na kurudi. Amplifaya inayovuta ampia moja, ambayo ni kama wati 230 na tayari majirani wameanza kulalamika, itapoteza volti 0.1 kwenye waya huo. Volti sifuri nukta moja kati ya 230. Hata kama waya wa laki sita na nusu usingepoteza chochote kabisa, hicho ndicho kinachookolewa: sehemu moja kati ya 2,300.

Wakati huohuo, waya uliofukiwa ukutani kutoka kwenye Luku hadi kwenye soketi, tuseme mita 20 za milimita za mraba 2.5, unapoteza kama mara tatu ya hapo, na hakuna aliyewahi kuuimbia sifa. Jioni mtaa mzima ukiwasha pasi na majiko, umeme unaweza kushuka volti 10 au 20 kwa mpigo. Friji la jirani likianza kunguruma linautikisa umeme kuliko waya wowote unavyoweza kuutuliza. Kama masikio ya staa yanasikia volti 0.1, basi friji la jirani lingekuwa limeshamtoa machozi.

NDANI YA BOKSI KUNA TENKI

Lakini hata hizo volti zenyewe si ishu kubwa, kwa sababu muziki hauchezwi na umeme wa ukutani moja kwa moja. Umeme wa ukutani unageuka kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Spika ikichomekwa kwenye umeme huo itanguruma tu mpaka iungue. Kazi ya kwanza ya amplifaya ni kuuvunja umeme huo na kuutengeneza upya: transfoma inaushusha, dayodi zinauelekeza upande mmoja, kapasita kubwa zinauhifadhi na kuulainisha. Mashine za kisasa zinafanya kwa njia tofauti kidogo, lakini mwisho ni ule ule, umeme mtulivu wa upande mmoja, na huo ndio unaosukuma spika.

Anayekaa mjini anaelewa haraka akifikiria tenki la maji juu ya paa. Maji ya bomba yanakuja kwa mgao, mara yana nguvu mara yanatiririka kidogo, lakini bafuni unaoga vizuri kwa sababu unaoga maji ya tenki. Ukibadilisha bomba la kuingizia maji ukaweka la dhahabu, bafuni hakuna kitakachobadilika. Kapasita ndiyo tenki. Waya wa umeme ni bomba la kuingizia. Alimradi tenki linajaa, bomba limemaliza kazi yake.

"ILA UMEME WETU NI MCHAFU"

Hii ndiyo hoja yao nzito kuliko zote, na ni haki kuijibu kwa heshima, maana nusu yake ni kweli. Umeme wa mjini ni mchafu. Chaja feki za simu, taa za bei chee, jenereta, mashine za kuchomelea vyuma, vyote vinarusha takataka kwenye nyaya. Amplifaya iliyotengenezwa kwa ubahili inaweza kuziruhusu baadhi zipite, na zikasikika kama mlio mwembamba au mkwaruzo.

Nusu ya pili ndiyo kamba. Waya si chujio. Chujio ni chujio: ni kifaa chenye koili na kapasita ndani yake, na mashine nyingi zilizotengenezwa vizuri zinalo tayari pale nyuma waya unapoingilia. Anayetaka kuchuja anunue kifaa cha kuchuja, kinachoeleza kwa maandishi kinachuja nini na kwa kiasi gani. Kuuza waya mtupu kwa jina la usafi wa umeme ni kama kuuza glasi nzuri ukidai inachemsha maji.

Na ule mvumo wa "hmmmm" unaosumbua watu wengi? Mara nyingi chanzo chake ni waya wa ethi, hasa vifaa viwili vinapochomekwa kwenye soketi mbili tofauti huku vikiwa vimeunganishwa kwa waya wa sauti. Dawa yake mara nyingi ni ya bure: chomeka vyote kwenye soketi moja, kagua waya za sauti, sogeza waya za umeme mbali nazo. Fundi wa Kariakoo angekwambia hilo kwa bei ya soda.

MBONA WAPO WANAOSEMA WANASIKIA?

Wapo, na wengi wao hawadanganyi. Wanasikia kweli. Tatizo ni kwamba wanachokisikia hakitoki kwenye spika.

Mtu aliyetoa laki sita na nusu anakaa kusikiliza kwa makini ambayo hajawahi kuwa nayo tangu anunue redio. Anausikiliza wimbo anaoujua, lakini safari hii anautafuta uzuri. Ukitafuta utapata: kuna gitaa huko nyuma hujawahi kuligundua, kuna pumzi ya mwimbaji. Vyote vilikuwepo jana. Halafu kubadilisha waya ni lazima uzime mashine, uchomoe, uchomeke, uwashe tena, na kumbukumbu ya sauti halisi kichwani haidumu, inafifia ndani ya sekunde chache. Kinachobaki ni hadithi ambayo mtu anajisimulia. Akigusa na kitufe cha sauti kidogo tu, imekwisha: sauti iliyoongezeka kidogo masikioni huonekana nzuri zaidi, siyo kubwa zaidi.

Ndiyo maana jaribio la kweli ni lile ambalo msikilizaji hajui waya upi umechomekwa. Na limeshafanyika. Mwaka 2004 huko California, jarida moja la mtandaoni la masuala ya sauti lilikaa na klabu ya wapenzi wa hi-fi, watu wenye masikio yaliyofundwa na mashine za bei mbaya. Wakalinganisha waya wa umeme wa zaidi ya dola 2,000 na waya wa kawaida, bila msikilizaji kujua upi ni upi. Kati ya majibu 149, yaliyokuwa sahihi ni 73. Hiyo ni asilimia 49. Sarafu ikirushwa juu ingepata hivyohivyo.

Mwaka 2007 mwanamazingaombwe wa Marekani, James Randi, aliyekuwa akiwaumbua matapeli wa miujiza, aliweka mezani dola milioni moja kwa atakayeweza kutofautisha kwa masikio tu waya za spika za dola 7,250 na waya za kawaida. Hizo ni waya za spika, ambazo sauti yenyewe inapita ndani yake. Jaribio hilo halikufanyika. Milioni ya dola ilikuwa inamsubiri mtu, na haikuchukuliwa.

Ugonjwa huu hauna mipaka, lakini. Mwaka 2016 magazeti yaliandika habari za mwanasheria mmoja wa Tokyo, mzee wa zaidi ya miaka 80, aliyesimamisha nguzo yake binafsi ya umeme nyumbani ili muziki wake upate umeme usiogawana na majirani. Mzee wa watu alitumia hela yake, kwa raha yake, na hakumuuzia mtu nguzo. Hapo hakuna wa kumsema. Kesi ya staa wa sofa jeupe ni nyingine kabisa.

ANAYELIPA NI NANI?

Kwenye komenti za ile video kuna kijana mmoja wa Mbagala mwenye saluni ya kiume. Sabufa ndiyo inayomletea wateja; vijana wanakuja kunyoa na wanabaki kwa sababu ya muziki. Aliandika kwa furaha kwamba wake umefika. Alipoulizwa na mshikaji wake hela katoa wapi, akajibu bila kuficha: mkopo. Ile mikopo ambayo mtaani ina jina lake, kausha damu.

Laki sita na nusu. Kwa chumba cha elfu 50 kwa mwezi, hiyo ni kodi ya mwaka mzima na chenji inabaki. Picha aliyoituma inaonyesha waya wa kifahari umechomekwa kwenye ekstensheni ya plastiki iliyobabuka pembeni, ile ya barabarani, ambayo pia imebeba mashine za kunyolea, feni na chaja tatu. Soketi ya ukutani ina alama nyeusi ya moshi.

Hapo ndipo penye stori ya waya. Kwa maana waya una umuhimu, sana tu, ila siyo huo wanaousema. Ekstensheni feki zina nyaya nyembamba kama uzi, na nyingine si shaba ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Ukizibebesha mzigo zinapata moto. Plagi iliyolegea inapiga cheche. Nyumba iliyofungwa umeme na vishoka haina ethi ya maana, na amplifaya ya chuma ikivuja umeme anayeishika ndiye anayegeuka kuwa ethi. Haya hayabadilishi besi. Yanaunguza saluni.

Kijana yule angechukua sehemu ndogo tu ya hela ile angepata ekstensheni imara yenye waya mnene wa shaba, soketi mpya, fundi mwenye leseni wa kuangalia ethi, na frijigadi ya kulinda sabufa umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Angebakiwa na hela ya kuongeza spika, au kuweka zulia na mapazia mazito, vitu ambavyo sikio lolote litavisikia tangu dakika ya kwanza. Chumba kitupu cha vigae na kuta za saruji kinaharibu muziki kuliko waya wowote duniani. Kuisogeza sabufa kutoka kwenye kona kunabadilisha besi papo hapo, na hakuna anayeliuza hilo kwa sababu halina bei.

Lakini hakuna aliyemwambia. Aliyejaribu kusema aliitwa mshamba. Na hii ndiyo biashara yenyewe hasa: staa hauzi shaba, anauza woga wa kuonekana hujui. "Masikio hayalingani" maana yake ni kwamba ukisikia tofauti wewe ni wa mjini, usiposikia kaa kimya. Kwa mtego huo hakuna mnunuzi atakayerudi kusema kapigwa, kwa kuwa atakuwa anakiri mbele ya watu kwamba masikio yake ni ya mbao. Anaona bora aandike "moto" na yeye, na mwingine aingie.

CHANGAMOTO IKO MEZANI

Wapo watakaosema kila mtu ana hela yake, mwacheni. Sawa. Anayenunua waya kwa sababu ni mzuri, unapendeza nyuma ya kabati na unamfurahisha, huyo kanunua pambo na kalipata. Saa ya dhahabu haisemi saa kwa usahihi kuliko ya plastiki, na watu wanaivaa. Ila muuzaji wa saa hasemi kwamba ukiivaa siku inakuwa na saa 25.

Kwa staa, njia ya kumaliza ubishi ni nyepesi na haina gharama. Aende live kutoka kwenye sofa lake. Sehemu ya nyuma ya amplifaya ifunikwe na shuka. Fundi wa Kariakoo arushe sarafu: mwenge achomeke waya wa laki sita na nusu, kichwa achomeke waya wa kompyuta wa buku tano. Wimbo achague staa mwenyewe, sauti isiguswe. Wafanye mara 20. Mtu anayebahatisha tu hupata kama 10, na kufikisha 15 au zaidi kwa bahati hutokea kama mara 2 tu kati ya 100. Staa akifikisha 15, fundi amwombe radhi hadharani na watu wanunue waya wanavyotaka. Asipofikisha, arudishe hela za watu, aanze na yule wa saluni.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waya unaosikika kweli hauhitaji sofa jeupe wala kufumba macho. Unahitaji shuka moja na sarafu moja.

Mpaka jana usiku fundi alikuwa ameandika chini ya ile video kwamba yuko tayari, siku yoyote, nauli atajilipia. Staa hajajibu. Komenti yenyewe ilipotafutwa leo asubuhi, haikuwepo.

Wewe mdau unasemaje: staa akubali live, au wivu tu wa watu? Na kama umeshanunua huo waya, umesikia nini? Shuka chini hapo, funguka.